Gitaa la Kisanduku cha Misumari

Mwalimu aliagiza watoto watengeneze ala za muziki nyumbani, na hapa Ruring'u kila mzazi anajua hiyo kazi ni ya nani. Nilimwaga misumari ya marehemu baba yangu, nikatoboa kisanduku chake cha mbao, nikakifunga nyaya za breki za baisikeli mpaka kikawa gitaa. Vidole vilinitoka damu. Binti yangu alikuwa anatazama katuni.

Wiki iliyofuata, alama zikiwa zimeshatolewa, nilienda shuleni nikamkuta mpishi anapasua ala tulizotengeneza wazazi kwa shoka ili awachemshie walimu chai. Nilitema mate. Nikamwita binti yangu ajionee uchafu huo. Aliliangalia lile rundo la mbao, akaniuliza, "Mami, kwani yetu ilikuwa gani?"