Ile ya Bluu Imeisha

Watu wa mtaani walimwita Dada Shanga, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alitengeneza bangili, mikufu na pete za shanga katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga pamoja na mama yake na mdogo wake, akaviuza kwa simu. Duka hakuwa nalo. Duka lake lilikuwa ukurasa mtandaoni, na ghala lake lilikuwa sanduku la viatu aliloligawanya kwa vipande vya kadibodi. Ukimuuliza biashara yake iko wapi, alikunyooshea simu iliyopasuka kioo pembeni, akasema, "Karibu dukani, vua viatu."

Kazi aliijua. Lakini mikono yake, jamani, usiulize. Sindano na waya vilimtoboa vidole, gundi ilimkausha ngozi mpaka ikaota nyufa, na kucha alizikata fupi ili zisinase uzi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hao hawakuwahi kuuza kitu mtandaoni. Huko hata chema kinaweza kukaa miezi kikila vumbi kama picha haikunoga. Dada Shanga alipopiga picha ya bangili ikiwa juu ya meza, watu waliipita bila hata salamu. Siku alipoivalisha mkononi mwa mdogo wake, simu haikunyamaza mpaka chaji ikaisha.

Mdogo wake ndiye aliyejaliwa mkono. Vidole virefu, ngozi ya kung'aa bila kupakwa kitu, na karibu na kidole gumba alama ndogo ya kuungua kwa pasi. Alama hiyo hakukubali ifichwe. "Ukiificha watasema umewaletea mkono bandia," alisema. Siku za kazi alipokea simu kwenye ofisi moja ya bima, akiwatuliza watu waliopiga wakiwa wamekwisha kasirika. Jumamosi asubuhi, kabla hajanawa uso, alikaa karibu na dirisha, mkono juu ya foronya nyeupe, kichwa kimelala begani. Dada Shanga aliwasha taa ya duara, akaegemeza simu kwenye kikombe, akaanza kuamrisha. Inua kidogo. Legeza kidole. Usicheke, mkono unatikisika.

"Uso unalala, mkono unachapa kazi," mdogo wake alinung'unika. "Nchi gani hii isiyo na haki?"

"Mshahara wako si rangi ya kucha? Ulitaka pensheni?"

Wateja nao walikuwa na maneno yao. Chini ya picha mmoja aliuliza, "Huyo mwenye mkono ameolewa?" Mdogo mtu akaichukua simu, akajibu mwenyewe: "Mkono umeolewa, mwenyewe bado." Watu walicheka siku mbili. Kulikuwa na mteja mmoja, mwanamke mcheshi anayeuza mapazia, ambaye hakuna picha iliyopita bila yeye kutia neno. Yeye ndiye aliyeanza kuuita "mkono wetu".

Kisha mwenye mkono akaugua. Ilianza kama homa tu, ya kumeza vidonge na kulala. Wiki zilivyosogea wakajikuta wodini, na madaktari wakaanza kuzungumza na mama pembeni, kwa sauti ya chini. Dada Shanga alibeba shanga zake hospitalini, akatunga huku akimlinda mgonjwa. Hapo ndipo alipotunga bangili ya bluu, shanga ndogondogo za rangi ya wino, na moja ya fedha katikati. Mara mbili ilibidi aifungue na kutoa shanga kadhaa, kwa sababu kifundo cha mkono kilikuwa kimepungua tangu alipokipima.

"Nipige picha na hiyo," mgonjwa alisema asubuhi moja.

"Hapa? Umechanganyikiwa?"

"Shuka si nyeupe? Mwanga si upo? Unangoja studio gani?"

Mkono wa kushoto ulikuwa na sindano ya dripu na plasta. Akautoa wa kulia, akaulaza juu ya shuka, akalegeza kidole bila kuambiwa. Picha ile ilipendwa kuliko zote. Watu waliandika kwamba leo mandhari ni safi sana, na muuza mapazia akauliza kitambaa hicho cheupe kimenunuliwa wapi. Dada mtu na mdogo mtu walicheka mpaka nesi akawaonya.

Alifariki siku ya Jumatano, Dada Shanga akiwa kwenye foleni ya dawa. Alirudi wodini na mfuko wa dawa mkononi, akakuta pazia limezungushiwa kitanda. Hakulia pale. Alibaki amesimama, akimuuliza nesi dawa zile azirudishe dirisha gani.

Baada ya mazishi walibaki wawili nyumbani. Mama alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani, na sasa hata hayo machache aliyapunguza. Siku moja alimkuta Dada Shanga jikoni akitazama picha ya shuka jeupe, sufuria inaungua. Akazima jiko, akasema, "Mwanangu, acha kumwangalia kwenye kioo cha simu. Mwache apumzike." Kuanzia hapo hawakumtaja. Mmoja alimlinda mwenzake kwa kunyamaza, na mwenzake naye hivyo hivyo. Ulinzi wa namna hiyo, ukiniuliza mimi, ni sawa na kumfunika mtu blanketi usoni.

Mtandaoni Dada Shanga hakutangaza kitu. Alijiambia ukurasa ni wa biashara, si wa misiba. Ukweli ulikuwa mwingine, naye aliujua. Nyumbani mdogo wake alikuwa marehemu. Katika ukurasa alikuwa bado mwenye mkono, watu wanamsifia, wanamuulizia rangi ya kucha, wanamtania kuhusu ndoa. Akiandika neno moja tu, wote watabadilika, wataanza kumpa pole, na mdogo wake atakufa huko pia. Basi akawa anazirudia picha za zamani. Leo ya njano, kesho ya kijani, watu wakadhani mzigo mpya umeingia.

Bidhaa mpya alizitengeneza, lakini za kuzivalisha nani? Siku moja alijikaza, akavaa bangili mwenyewe, akapiga picha juu ya foronya ile ile. Haikupita dakika, muuza mapazia akaandika: "Mkono wetu yuko likizo? Leo umemwajiri fundi wa gereji?" Zikafuata sura za kucheka, msururu mzima. Dada Shanga naye akatuma sura ya kucheka. Kisha akaifuta picha, akaenda jikoni, akafungulia bomba ili mama asisikie.

Bangili ya bluu ndiyo iliyoulizwa kuliko zote. Chini ya kila picha palikuwa na kitufe cha kuagiza, na ukikibonyeza, oda inaingia kwenye simu ya Dada Shanga pamoja na picha ya ulichokitaka. Kila aliyeiagiza ile ya bluu alijibiwa neno moja: imeisha. Walipomwambia atengeneze nyingine, aliwaambia shanga zake hazipatikani tena. Shanga zilikuwa chupa nzima, juu ya kabati. Na bangili yenyewe ilikuwa ndani ya sanduku la viatu, imefungwa kwenye karatasi laini.

Wengi waliridhika. Mmoja hakuridhika. Alijiita Ua Jekundu, na mahali pa sura aliweka waridi. Hakuwa na picha nyingine wala rafiki. Aliagiza ile ya bluu, akajibiwa imeisha. Kesho yake akaagiza tena. Hakuandika neno, hakuuliza bei, alibonyeza kitufe tu. Dada Shanga akajibu kwa upole, kisha kwa ufupi, kisha akaacha kujibu, na bado oda ziliingia, kila mara na picha ya mkono juu ya shuka la hospitali.

Ijumaa moja mambo yalimwendea kombo tangu asubuhi. Mzigo ulirudishwa kwa sababu mteja hakupokea simu, uzi ulikatika shanga zikatapakaa chini ya makochi, na mama alikuwa amesukuma sahani bila kuonja. Simu ikalia. Ua Jekundu, ile ya bluu. Hasira zote za wiki zikapata pa kutokea. Akaandika: "Wewe mtu, huna kazi? Nimesema imeisha. Usinisumbue na bangili hiyo tena." Akasubiri mpaka akaona ujumbe umesomwa, kisha akamfungia kabisa asiweze tena kuuona ukurasa. Akaitupa simu kwenye kochi, akajisikia nafuu. Nafuu ya hasira haikai, lakini wakati ule ilikuwa tamu.

Kesho yake asubuhi alikuwa karibu na dirisha akichambua shanga alizoziokota, mama akatoka chumbani. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimelegea upande mmoja, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Mwanangu," alisema, "wamemtoa."

"Wamemtoa nani, mama?"

"Mdogo wako. Jana alikuwepo. Nimetafuta tangu alfajiri, hayupo. Wamemtoa."

Mama alikuwa ameshika simu ya marehemu, ile ambayo Dada Shanga aliamini imelala kwenye droo tangu siku ya mazishi. Aliipokea. Kioo kilisema ukurasa huu haupatikani. Juu pembeni, mahali pa sura ya mwenye simu, palikuwa na waridi jekundu.

Shanga zilizokuwa kiganjani zikamwagika tena, na safari hii hakuna aliyeinama kuziokota.

"Mama. Hii simu nani kakufungulia?"

"Yule msusi wa nyumba ya pili. Nilimwambia aniwekee pale alipo mtoto. Akaniwekea na hilo ua, mimi sikuliomba." Mama alikaa ukingoni mwa kochi. "Ukienda kupeleka mizigo ndiyo namwangalia. Nikamwambia msusi asikwambie."

"Si wewe uliyesema tumwache apumzike?"

"Nilisema wewe umwache. Mimi ni mama yake."

Dada Shanga aliuliza, "Na oda zote zile? Ulikuwa unabonyeza bila kujua?"

"Nilijua. Nilitaka ile aliyovaa hospitali." Mama alikuwa akiongea na magoti yake. "Nikaona nikikuomba utalia. Nikasema ninunue tu, kama mtu baki."

"Jana nilikuandikia maneno mabaya. Uliyasoma?"

"Nilisoma hapo mwanzo, 'wewe mtu'. Nikaona mengine niyaache."

Dada Shanga aliinuka, akaenda kwenye sanduku la viatu. Akaifungua karatasi kwa pupa hata ikachanika. Akapiga magoti mbele ya mama yake na kujaribu kumvalisha ile bangili. Ilifika kwenye vifundo vya vidole, ikagoma. Akajaribu kuizungusha, ikagoma. Aliitunga kwa mkono wa mgonjwa, mkono uliokuwa umeisha.

"Niiongeze shanga," alisema haraka. "Ninazo. Zipo nyingi, nilidanganya tu. Ni kazi ya muda mfupi."

"Usiiguse," mama alisema. Aliitoa vidoleni, akaiweka kiganjani, akautazama udogo wake. "Ndivyo alivyokuwa amebaki. Mimi nilikuwa namwosha, naujua mkono huu."

Dada Shanga aliichukua simu yake, akamfungulia Ua Jekundu, akairudisha kochini. Mama akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa, akaanza kushusha picha moja moja kwenye simu ya marehemu, ya njano, ya kijani, mpaka akafika kwenye shuka jeupe. Akaigusa. Papo hapo simu ya Dada Shanga ikalia kochini. Oda mpya, ile ya bluu.

"Samahani," mama alisema. "Kidole kimeteleza."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka. Dada Shanga aliifungua oda ile. Kisha akaanza kuandika, akafuta, akaandika tena, na alipobonyeza kutuma, simu ililia mkononi mwa mama aliyekaa naye bega kwa bega.

Mama alisoma polepole, kwa sauti, kidole kikifuata maneno. "Haiuzwi. Ilikuwa ya mdogo wangu. Ame..." Akakwama. Akarudi mwanzo, kwa sababu alifundishwa utotoni kwamba sentensi ikikushinda unaianza upya. "Haiuzwi. Ilikuwa ya mdogo wangu. Amefariki."

Tangu mazishi neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Walilia wote wawili, kwa sauti, mpaka msusi wa nyumba ya pili akaja mlangoni, akachungulia, akaondoka kimya kimya. Bomba halikufunguliwa.

Walipotulia kidogo, mama alisema, "Na hao wengine waandikie hivyo hivyo. Wanamngoja bure."

Dada Shanga alifungua ujumbe wa muuza mapazia, wa wiki iliyopita, uliokuwa ukiuliza mkono wetu anarudi lini. Vidole vyake havikukubali kuandika. Mama akaitoa simu kwenye mkono ule mkavu, wenye nyufa, kucha fupi, na hakuuachia mkono wenyewe. Akaugeuza, akaupapasa kila palipochomwa na sindano.

"Huu ndio nimebaki nao," alisema, akaanza kulia tena.