Mawe ya Shambani kwa Mama

Shamba la mama liko Mamboya, kwenye mteremko, na katikati yake kuna lundo la mawe refu kama mtu na pana kama nyumba. Bibi, mama yake baba, alipomkabidhi mama shamba hilo alimwambia tu, "Hapo wamelala watu. Usipaguse." Mama akalima kuzunguka mawe hayo miaka yote, nasi watoto wake tulikatazwa kuyapanda.

Miaka michache iliyopita kanisa letu lilianza kujenga nyumba ya mchungaji. Nilikuwa nyumbani likizo, kutoka Kilosa ninakofundisha. Asubuhi moja trekta likaingia shambani na tela lake, wakashuka wazee watatu wa kanisa. Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimbishia mzee wa kanisa, aliweka jembe chini akaenda kusimama mbele ya trekta.

"Shikamooni."

"Marahaba, mama. Tumefuata mawe ya msingi."

"Haya siwapi. Ni kaburi."

"Kaburi gani lisilo na msalaba?" akauliza mmoja wao.

"Kule misheni ya zamani yapo makaburi ambayo misalaba yake imeshaoza. Mbona hayo hatuyabomoi?"

Trekta likarudi nyuma, likaondoka tupu.

Jumapili iliyofuata wanawake wenzake walimsalimia kwa mkato. Niliumia kuliko yeye. Jumatatu aliniamsha, tukashuka korongoni na makarai mawili, tukaanza kusomba mawe kichwani hadi kiwanja cha nyumba ya mchungaji. Siku ya nne jirani mmoja akatufuata na karai lake. Wiki ilipoisha tulikuwa wanawake kumi na wawili, na msingi ukajaa.

Niliporudi kazini nilimsimulia ofisa utamaduni wa wilaya. Baada ya miezi kadhaa akaja mtaalamu wa mambo ya kale. Alipima, akapiga picha, akachunguza vipande vya vyungu vilivyolala juu ya udongo, kisha akasema hilo huenda ni kaburi la watu walioishi huku kabla ya historia yoyote tunayoikumbuka. Yeye na ofisa wakasimamisha kibao cha kukataza mtu kuchimba wala kuchukua mawe. Yule mzee aliyeulizia msalaba alikuja pia. Akakisoma kibao mpaka mwisho, akavua kofia, akampa mama mkono.

Mama hakujisifu. Alimgeukia mtaalamu.

"Mtawafukua?"

"Hapana, mama. Kwa sasa tunawalinda tu."

"Basi karibuni chai."