Chai ya Hotelini na Mguu wa Baba

Siku daktari aliposema mguu wa baba ukatwe, kwenye benchi la hospitali ya Thika tulikuwa mama, mimi kifungua mimba wake, kitinda mimba mgongoni mwangu, na baba mdogo, aliyenyonya titi moja na baba. Mwisho wa benchi alikaa mwenye hoteli, rika la baba, walitahiriwa pamoja. Majina yao yote ninayo, hata la muuguzi wa wodi siku hiyo, lakini wana wajukuu, sitayataja.

Habari hii haikuanza na ulafi. Ilianza langoni. Wakati wa hali ya hatari, Mzungu akipigana na wapiganaji wa msituni, tulihamishiwa kijiji kimoja upande wa Ruiru, kimezungukwa na handaki, na ikawa marufuku kutoka na chakula, wasije wakalishwa wa msituni. Baba alizoea kwenda kiwanda cha kahawa na githeri yake, mahindi na maharagwe, ndani ya mkebe. Asubuhi moja askari wa langoni akaufungua.

"Hii yote ni ya tumbo moja, mzee? Ama una wageni msituni?"

"Ni yangu, afande."

"Basi kula hapa, tukuone."

Baba akala amesimama, watu wamepanga mstari nyuma yake wakiangalia chini. Iliyomshinda ikamwagwa matopeni. Hakubeba chakula tena.

Mchana akawa anaingia hotelini kwa rika lake, karibu na stesheni. Pale hungoji. Ukikaa tu, mandazi yako mezani, yanang'aa mafuta, na chai imechemshwa pamoja na sukari mpaka midomo inanata. Siku ya mshahara, nyama ya kukaanga na mkate mzima.

Sheria ile ikaisha, lakini baba hakurudi kwa githeri. Alisema inamkwaruza koo.

"Baba watoto," mama akamuuliza, "mshahara wako unaingilia mlango gani? Mbona siuoni?"

"Mimi ndiye nasimama kwa mashine. Lazima nile kitu cha nguvu."

"Na hawa wale upepo?"

Mimi nilitolewa shule darasa la pili. Karo yangu ililiwa pale stesheni, andazi kwa andazi, na mbuzi za mama zikafuata.

Halafu baba akaanza kunywa maji kama ng'ombe. Nyuma ya nyumba, mahali alipokojoa, sisimizi walijaa. Tulicheka, Ngai Mungu atusamehe, tulicheka sana. Kisha buti likamchubua kidole, na kidonda kikakataa kupona, kikapanda, kikanuka. Daktari akasema ni sukari, tena mguu usipokatwa hataona mwisho wa wiki.

Pale kwenye benchi mwenye hoteli akasema, "Mimi nilimpa tu alichoitisha."

"Hakuna aliyekuuliza," baba mdogo akamjibu.

Tukaingia wodini. Baba alikuwa amegeukia ukuta.

"Sikatwi. Mguu huu ukienda, nani atawalisha?"

Mama akasema polepole, mbele ya yule mwenye hoteli, "Tangu lini ulitulisha?"

Baba akageuka kutoka ukutani. Halafu akatoa kidole gumba, muuguzi akakipaka wino, akaweka alama kwenye karatasi ya kukubali kukatwa.

Kiwandani waliandika mtu mwingine wiki hiyo hiyo. Mama alilima vibarua kwenye mashamba ya kahawa, akarudi kumpikia uji usio na sukari, naye aliumeza kama dawa ya minyoo. Hata mvua mbili hazijaisha, mguu wa pili ukatoboka. Safari hii alikataa kwenda Thika, na hakuna aliyembembeleza. Tulimzika kahawa ikichanua.

Baba mdogo, mpaka anakufa, alisema mama hakutamka neno lile, ati alilia tu, na baba alikubali mwenyewe kwa kutaka kuishi. Mimi nilisikia nilivyosikia. Lakini nilikuwa mtoto, na kama kuna aliyelazwa wodi ile siku ile akasikia vingine, aniambie nirekebishe, maana watoto wangu wameshaishika habari hii hivi nilivyowapa.