Betri za Kuchangia kwa Mzee Yakubu

Mzee Yakubu, fundi redio wa Dongobesh, alikuwa na mdomo. Ukimpelekea redio iliyokufa, kwanza anaitukana redio, kisha anakutukana wewe uliyeiweka karibu na moshi, ndipo anaitengeneza. Tulimpenda hivyo hivyo.

Nazililia betri za enzi zile. Siku hizi chaja yangu haiingii kwenye simu ya mume wangu, na taarifa ya habari kila mtu anaisikiliza peke yake, kaziba masikio. Zamani betri ya tochi ilikuwa betri ya tochi. Uinunue Katesh au Mbulu, ya kiwanda hiki au kile, redio haikuuliza. Ikichoka unaianika juu ya bati, jua linairudishia uhai kidogo.

Uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, mfanyabiashara mmoja aliyegombea ubunge alikipa kijiji redio kubwa inayong'aa. Tulipiga makofi, mazuzu sisi! Betri yake ilikuwa ya namna yake, haikuuzwa duka lolote, na ilichajiwa nyumbani kwake tu. Yakubu mwenyewe alikuwa mpiga debe wake sokoni, kofia ya chama haimtoki kichwani.

Siku ya kutangazwa matokeo, watu wa mgombea waliichukua betri asubuhi, eti kuichaji. Haikurudi. Saleh, mwenzake Yakubu katika kampeni, akatwambia tutulie, matokeo tutaletewa na wao. Madukani betri zilikuwa zimekwisha, na hakuna nyumba iliyobaki na za kutosha redio nzima.

Yakubu aliifungua ile redio kubwa, akaona hakuna betri yetu inayoingia. Alitukana mpaka akakohoa. Kisha akatoa redio yake kuukuu.

"Kila mwenye betri alete! Sijali ni wa chama gani!"

Mama yangu, Bernadina, wa chama pinzani, alichomoa za tochi yake. Wengine wakaleta zilizotoka juani. Yakubu alizipanga kwenye kibao, moja nyuma ya nyingine, akaukandamiza waya kwa kidole gumba. Redio ikaongea. Akilegeza kidole, inanyamaza.

Mchana ule tulibanana kibandani kwa Yakubu, vyama vyote. Jimbo letu lilipofikiwa, kura za mgombea wa Yakubu zikasomwa, chache. Saleh akamwinamia.

"Mzee, achia tu waya. Tutasema betri zimeisha."

"Betri ni za watu," Yakubu akajibu, na kidole hakikusogea.

Mshindi akatajwa. Mama akapiga vigelegele karibu kabisa na sikio la Yakubu. Yeye alikandamiza waya mpaka jimbo la mwisho likasomwa, jasho likimtiririka, kisha akaanza kumrudishia kila mtu betri yake.

"Pole, mzee," mama alisema akipokea zake, sasa kwa aibu.

"Pole ya nini?" alifoka, macho yamemlowa. "Si tumesikia wote?"