Mtoto Aliyefunga Mdomo

Walisema mtoto wa mkimbizi, aliyekulia kambini Tanzania, hataona mlango wa chuo. Nikauona, nikaingia, nikatoka na diploma ya upimaji wa ardhi. Walisema Bujumbura haina nafasi kwa mtu asiye na mjomba wizarani. Nikapata kazi, nikajenga mtaani Gihosha nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye vioo madirishani, wakati waliobaki nchini walikuwa bado wanapanga vyumba. Nayasema kwa sababu ni kweli. Na katika wote walionitabiria kushindwa, hakuna aliyetaja kwamba nitashindwa na mtu mwenye meno mawili.

Mke wangu alipanda Gitega kumzika mama yake. Kwa ajili ya vita magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, tukakubaliana mtoto abaki. Angerudi mara tu matanga yakiisha. Lakini msafara uliofuata ulishambuliwa milimani na barabara ikafungwa. Hakuna aliyejua itafunguliwa lini.

Binti yetu alikuwa na miezi tisa na hakujua chakula ila titi. Maziwa ya unga yalishatoweka madukani kwa ajili ya vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani, na muuza maziwa aliyeshuka na baiskeli kutoka vilimani hakushuka tena. Ikabaki chai ya rangi yenye sukari, na uji.

Uji aliukataa. Dada yangu mkubwa, mjane aliyeishi nasi, aliupika kwa mtama, kwa soya, kwa mahindi. Mtoto alifunga mdomo kama maduka ya mjini siku ya mgomo. Nikasema wanawake hawajui utaratibu, nikachukua kijiko mwenyewe. Nilimkalisha kitini, nikamfungia kitambaa shingoni. Nilijaribu ndizi ya kuponda, parachichi, viazi vitamu. Niliimba, mimi ambaye hata kanisani siimbi. Alinitazama kwa upole, midomo imebanwa, na nilipofaulu kupenyeza kidogo aliurudisha uji wote kidevuni.

"Yeye anamtaka mama yake," dada alisema.

"Mama yake hayupo."

"Basi mwambie wewe uliyesoma."

Mashavu ya mtoto yakaanza kulegea. Nilipombeba nilihisi mbavu zake viganjani. Muuguzi wa zahanati alimpima, akaniambia, "Endelea kujaribu, baba," kisha akamwita mwingine. Nimepima mashamba ya watu walionishikia panga, sikurudi nyuma. Mbele ya bakuli lile la uji nilirudi nyuma, nikakitia kijiko mfukoni.

Lazima nieleze tulivyokula nyumbani. Sisi tulilelewa kwamba mtu mzima haonwi akitafuna. Kinywaji kinanywewa hadharani, chakula ni siri. Hata kambini, tukiwa na mihogo tu, baba yangu alikula mlango umefungwa. Nami nilipojenga nilijijengea chumba cha kulia chenye mlango wake, na dada na mke wangu walikula jikoni, uani, mtoto akiwa amelala. Nilijivunia heshima hiyo, na bado najivunia.

Asubuhi moja risasi zikalia karibu mno na mtaa wetu. Tukashuka kwa miguu hadi mtaa wa Buyenzi, kwa fundi aliyenitengenezea pikipiki, Mwislamu wa watu wa zamani wa mji. Alitupokea bila maswali. Mchana mama yake alitandika mkeka, akaweka sinia moja la wali na maharage, na watu wote wakalizunguka, wakubwa kwa wadogo.

"Mimi nimeshiba," nikasema.

"Umeshibia wapi?" yule mama akauliza. "Umekula risasi? Kaa chini, Diploma. Hapa apana chumba ya kulia."

Watu wakacheka. Nikakaa, mikono magotini. Mtoto alikuwa mapajani kwa dada, akikodolea macho vinywa vya watu, kimoja baada ya kingine. Halafu taya lake dogo likaanza kupanda na kushuka.

"Mutazame! Anatafuna hewa!" fundi akapiga kelele.

Nikatoa kijiko mfukoni, nikakijaza haraka, nikampelekea. Akabana midomo, akageuza uso.

"Apana, baba. Acha hiyo kijiko," mama wa fundi akasema. "Kula we."

"Mimi?"

"We. Mutoto hajakuona ukikula. Atajuaje ile kitu unamupatia ni chakula?"

Dada aliinamisha kichwa asinitazame, na kwa hilo namshukuru. Nilichota wali, nikautia mdomoni mbele ya wanawake na watoto wa watu. Taya zangu zilikuwa nzito kama za mtu aliyeng'olewa jino. Nikatafuna. Binti yangu akanyoosha mikono, dada akanipa nimbebe. Akanikagua kwa karibu, akaingiza vidole vyake katikati ya midomo yangu, akachomoa alichokipata, akakitia kwake. Akameza.

Hakuna aliyecheka. Barabara ya Gitega ilikuwa bado imefungwa, na yeye alikuwa amekula punje tatu au nne za wali. Vidole vikarudi. Nikabaki nimefungua mdomo mbele ya watu wote, sitafuni wala simezi, nikimngoja achague.