Gari Linalojamba Ukweni

Baba alilitoa neno lile tukiwa tunakula, huku anachambua miiba ya sato. "Mtu ambaye gari yake inajamba ukweni, mimi simpokei." Mama akainamia bakuli la mboga akijifanya anatafuta kitu. Mimi nilijiuma ulimi nisicheke. Dada yangu mkubwa machozi yalimlenga, maana mwenye gari ndiye aliyekuwa anampenda, na walichokuwa wanangoja ni baba tu akubali wazee wa upande ule waje kuzungumza.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya zamani. Shemeji (nilishaanza kumwita hivyo, ruhusa sikuomba kwa mtu) aliifunga supachaja aliyoitoa kwenye gari lililogongwa. Supachaja ni kama feni nene ya chuma, inazungushwa na mkanda wa injini yenyewe na kuisukumia hewa kwa nguvu, mpaka kipikapu cha kubebea mbao kinapanda kilima huku kinapiga mluzi. Hewa ikizidi, na mafuta lazima yaongezwe. Shemeji, kwa woga wa kuunguza injini, aliyafungulia kama mtu anayemwagilia bustani. Injini ikawa haiyamalizi. Yanatoka mabichi hadi kwenye bomba la moshi, na akiachia mguu tu pale kona ya mashine ya kusaga, jirani na kwetu, yanalipukia humo: pa, pa-pa.

Sasa, baba alikuwa na sheria yake. Jioni akisharudi, simu zote zinalala juu ya kabati. Lakini dada hakuwa na haja ya simu. Akisikia pa, pa-pa, anakumbuka kwamba chumvi imeisha, anajitupia khanga, huyo. Nyumba yetu iliishiwa chumvi kila jioni. Kwa chumvi ile mama angeweza kukausha sangara wa ziwa zima na nyingine ikabaki.

Mimi ni fundi wa kike katika gereji moja hapa Igoma. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yapumzike. Ndoto ndizo ambazo hazijafeli: siku moja nitafunga injini yenye supachaja kwenye boti, nivuke kwenda Ukerewe huku vivuko vinanipisha. Basi kesho yake baada ya neno lile la baba, shemeji alikuja gereji, uso umesinyaa.

"Shemeji, niokoe. Mzee ameniita mjambaji."

"Hajakuita wewe, ameita gari."

"Gari si yangu?"

"Basi mna undugu. Fungua boneti."

Nilibana kidogo skrubu ya mafuta kwenye kabureta, pale yanapochanganyika na hewa, tukapanda kilima mguu mzito, nikazima, nikafungua plagi. Plagi ndiyo ulimi wa injini. Ukiwa mweusi kwa masizi, ujue mafuta yamezidi. Ukiwa mweupe kama chaki, hewa imezidi, joto litatoboa pistoni, na injini ya supachaja haisubiri uombe radhi. Wewe unatafuta rangi ya chai ya maziwa. Tukaenda hivyo, kubana, kupanda, kuzima, kufungua, kutoka Igoma mpaka karibu na Kisesa, hadi wauza mahindi ya kuchoma wakaanza kutuuliza kama tumepoteza kitu barabarani. Shemeji aliitazama kila plagi kama mtu anayengoja majibu ya malaria.

Ilipotoka plagi ya rangi ya chai ya maziwa, tukapita kona ya mashine ya kusaga kimya kabisa, kama bibi harusi. Nilijiona mhandisi.

Jioni ile shemeji akaja konani, akangoja. Dada hakutoka. Atatokaje, hajasikia kitu? Kesho yake hivyo hivyo. Shemeji akaamini dada amemchoka, dada akaamini shemeji ameogopa maneno ya baba, na kwa kuwa wote wawili wana kile kiburi cha watu wanaopendana, hakuna aliyepiga simu hata mchana. Dada akawa anasuka nywele nusu, anafumua, anasuka tena. Mimi niliyewatenganisha nilikuwa nazunguka uani nikijisifu kwa mama.

Mwishowe, jioni moja kabla jua halijazama, baba akazima redio. "Mama watoto, siku hizi chumvi haiishi humu ndani?"

"Ipo tele," mama akajibu, bila kumtazama.

Baba akavaa kandambili, akatoka. Nikamfuata kwa mbali, miguu yenyewe ilinipeleka. Kule kona akaikuta pikapu, na shemeji ndani yake amelaza kichwa juu ya usukani.

"Shikamoo, baba." Alitoka kwa haraka mpaka akagonga goti.

"Marahaba. Umefika saa ngapi?"

"Muda kidogo."

"Na mbona sijasikia?" Akageuka, akaniona. "Mama," akaniita kama anavyowaita binti zake, "ni wewe umeiziba mdomo hii gari?"

"Si ulisema inajamba, baba."

"Nilisema. Sikusema ikatwe pumzi. Zamani nilikuwa najua binti yangu yuko wapi na yuko na nani, nasikiliza redio yangu kwa amani. Sasa mtu ananifikia nyumbani kama paka. Rudisha. Kidogo tu."

Bisibisi huwa natembea nayo mfukoni. Baba akapanda mbele, akakunja mikono. Nikaongeza mafuta, wakazunguka kona: pa-pa-pa-pa.

"Huyo mlevi," baba akasema dirishani.

Nikapunguza. Kimya.

"Huyo mwizi."

Nikagusa skrubu kidogo sana, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Pikapu ikaja, shemeji akaachia mguu, ikatoa mlio mmoja tu, mzito, wa heshima: po.

Baba akainua kidole. "Hapo. Hiyo ni hodi."

Kwetu hodi haiachwi hewani. Shemeji akauliza kwa sauti ndogo kuliko ya bomba lake, "Hodi, baba?"

Baba taya zikamcheza, sijui ni hasira au kicheko.

"Karibu," akasema. "Endesha sasa, twende nyumbani. Mgeni hapokelewi kwenye mashine ya kusaga. Utakula, halafu utaniambia wazee wako wana nafasi siku gani."

Mbele palikuwa pa watu wawili tu. Nikarukia nyuma kwenye bodi, na supachaja ikatupigia mluzi mpaka mlangoni, ambako dada alikuwa amesimama, upande mmoja wa kichwa umesukwa, mwingine anauficha kwa viganja.