Mwali Aliyeandika Majina

Chama kiliponituma niwatoe wanawake majumbani, nilianza na nyumba za mbali. Nalisema hili mapema kwa kuwa ndilo kosa langu lote, na mengine nitakayoeleza ni namna lilivyotokea.

Tulikuwa tunakaa Temeke, pale ambapo mitaa mipya iliyopimwa na Serikali iliishia na mikorosho ikaanza. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imepigwa chokaa mbele tu, na nyuma ilikuwa na ua wa makuti. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, binti yetu mkubwa, na mtoto wa kiume ambaye alikuwa bado ananyonya. Katikati ya hao wawili nilizaa wengine wawili, nikawazika. Mume wangu alikuwa tarishi katika ofisi ya Serikali, na watumishi wa Serikali walikatazwa kuingia katika chama kilichokuwa kinadai uhuru, kwa hiyo mwenye kadi nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Akiulizwa kazini alijibu, "Mie sijui mambo ya wanawake." Akirudi jioni, kabla hajavua viatu, anataka nimsimulie kila lililosemwa kikaoni.

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba. Nilibisha hodi, nikaingizwa uani, nikaketi karibu na mwenye nyumba huku yeye akiendelea kukuna nazi au kuchagua mchele, na mimi nikazungumza. Mdomo ninao, na kiburi kidogo pia sikosi. Niliwaambia kwamba nchi haiwezi kudaiwa na nusu ya watu wake, nusu nyingine imejifungia jikoni. Niliwaambia watoke. Wengine walicheka na kunikaribisha chai, wengine walikuwa wameshanisubiri, maana sisi tuliocheza pamoja katika vikundi vya ngoma tulijuana, na habari zetu zilitangulia kufika kabla ya miguu. Aliyekubali alikuja kwangu siku ya pili kuandikisha jina.

Hapo kwenye kuandika ndipo nilipokwama. Qurani nilisoma hadi nikahitimu, na herufi za Kiarabu naziandika vizuri mpaka leo, lakini karani wa chama alitaka orodha kwa herufi za Kizungu. Aliyezijua nyumbani ni binti yangu. Alikuwa amemaliza darasa la nne na amefaulu kuingia la tano, na wasichana waliofaulu upande wetu mwaka ule hata vidole vya mkono mmoja havikujaa. Hati yake ilikuwa nzuri mno. Baba yake alichana ukurasa mmoja wa daftari lake akaenda kuwaonyesha wenzake ofisini, na ukurasa ule haukurudi.

Shule zilipofungwa, binti akavunja ungo. Siku yenyewe sikuwepo, nilikuwa kwenye kikao Keko. Hata ningekuwepo asingeniambia, kwa kuwa kwetu binti hamwambii mama yake jambo hilo. Humwambia bibi yake, bibi humwita somo, yule mwanamke atakayemfunda, na mama ndiye wa mwisho kujua. Nilirudi nikakuta chumba cha nyuma kimetiwa pazia. Nikaelewa. Tangu hapo mwali haonwi na wageni, hatoki nje, na mama haulizi kitu. Anapeleka chakula mlangoni na kungoja siku ya kumtoa mwanawe.

Nilingoja. Na katika kungoja nikaona raha, na hili ndilo nililolificha muda mrefu. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda kazi za chama na mtoto mgongoni, jua linatuchoma wote wawili, na nikifika kwenye maneno mazito yeye hulia. Mavyaa miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kumkimbiza mtoto anayeanza kutambaa. Sasa kulikuwa na mtu ndani ya nyumba asubuhi hadi jioni. Nilimnyonyesha mtoto alfajiri, nikapika uji, nikamkabidhi dada yake nyuma ya pazia, nikatoka. Nilifika nyumba nyingi zaidi mwezi ule kuliko miezi yote iliyotangulia. Viongozi wangu wakanisifu, na sifa zile zilinikolea.

Majina nayo yaliandikwa. Wanawake walikuja uani kwangu alasiri, wakasogea mmoja mmoja kwenye mlango wa chumba cha nyuma, wakataja majina yao mbele ya pazia. Ndani mwali alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichupa cha wino pembeni, daftari juu ya kigoda, na mdogo wake amelala kwenye paja lake. Walisikia nibu ikikwaruza karatasi. "Nani huyo anayeandika?" mmoja aliniuliza. Nikamwambia ni binti yangu, ni mwali. Akapiga kigelegele, na wenzake wakaitikia. Kisha wakaketi kwenye jamvi, nami nikasimama pale pale, hatua tano kutoka kwenye pazia, nikawahimiza wawatoe na majirani zao.

Shule zikafunguliwa. Mwalimu wake wa kike alimtuma msichana waliyesoma pamoja aje kutuambia kwamba nafasi ya darasa la tano inamngoja hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo atapewa mwingine. Nilimshukuru yule msichana, nikampa kitumbua. Nilimweleza mume wangu, naye akasema, "Hayo ni yenu na Mama, mie niingie wapi?" Basi nikangoja mavyaa aseme. Nilijua kwamba siku ya kumtoa mwali mama ndiye anayeleta doti mpya ya kanga ya kumvisha, lakini nilijiambia nitaambiwa siku ikifika. Mwezi ukaisha. Nilijua umekwisha, maana uliofuata ndio uliokuwa na mkutano wetu mkubwa wa wanawake, na nilikuwa nahesabu siku.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga chapati karibu na bomba la maji. Alikuwa mjane, na wanawake wa mtaa ule walimsikiliza kuliko hata mjumbe, kwa hiyo nilimtaka sana. Nilikuwa nimeshamwendea mara mbili. Mara hii nilimkuta anamalizia, watoto watatu wadogo wanamzunguka, mmoja ameng'ang'ania kanga yake. Nikaanza maneno yangu. Alinisikiliza hadi mwisho huku anageuza chapati.

"Dada," akasema, "yote unayosema nayaamini. Lakini mikutano yenu ni asubuhi siku za kazi. Hawa nitamwachia nani?"

"Huna binti mkubwa?"

"Ninaye. Yuko shule."

Akaepua chapati ya mwisho.

"Wewe umejaliwa," akaendelea, na hakuwa na kejeli, nilimtazama usoni nikaitafuta nisiione. "Una mwali ndani, anakushikia mtoto. Mie wangu nimeona nisimtoe shule. Akimaliza, nitakuja kuandikisha jina langu."

Niliondoka na hasira. Nusu ya njia nilikuwa namgombeza kimoyomoyo: mwoga, anajificha nyuma ya watoto, watu kama hawa ndio wanaotuchelewesha. Nilipofika kwenye mikorosho hasira ile ikawa haina tena pa kukaa isipokuwa kwangu. Mwanamke asiyekuwa na kadi alikuwa amemtoa binti yake nje. Mimi mwenye kadi nilikuwa nimemweka wangu ndani, na nilikuwa nimeisingizia mila. Mila ya kutouliza niliishika vizuri kwa sababu ilinifaa. Niliona haya, tena haya ya kumfanya mtu asimame njiani akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na mimi nilikuwa nimevaa ndara.

Mavyaa nilimkuta ukumbini anapepeta mchele. Niliketi chini mbele yake.

"Mama," nikasema, "mwali anatoka lini?"

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Unaniuliza mie?"

"Najua haiulizwi. Nisamehe, nimeuliza."

Aliuweka ungo mapajani. "Somo amemaliza naye tangu wiki ile shule zilipofunguliwa. Mie nangoja doti kutoka kwako. Kila ukirudi natazama kapu lako, naona makaratasi ya chama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mwanangu? Nilidhani wewe ndiye unayemtaka ndani. Una kazi zako, na mtoto huyu ni mdogo, na mie miguu sina. Nikasema nisimwingilie mke wa mwanangu katika nyumba yake."

Hakusema kwa ukali. Angenigombeza ningejitetea, maana kujitetea ndiko nilikokuwa hodari. Aliendelea kupepeta, na mimi nikaenda kufungua sanduku langu.

Ndani ya sanduku kulikuwa na doti ya kanga niliyonunua kwa ajili ya mkutano. Wanawake wa tawi letu tulikuwa tumechagua sare moja, tuonekane tukitokea, na yangu nilikuwa sijaivaa hata mara moja. Nilimpelekea mavyaa. Aliipapasa, akajua ni ya nini. Alimwita somo jioni ile ile, na kesho yake mwali akatolewa, bila ngoma kubwa, kwa vigelegele vya majirani na sinia moja ya pilau. Alitoka amebadilika rangi, amekuwa mweupe wa kukaa kivulini, na alikuwa anakunja macho kwa sababu ya jua. Nilimtazama kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Jumatatu nilimpeleka shule mwenyewe, mtoto mgongoni. Mwalimu alitupokea barazani. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka.

"Mama, umechelewa," akasema. "Nafasi yake nimempa mwingine wiki iliyopita. Sina dawati."

Mimi niliyezoea kusema na watu kumi nimeketi na hamsini nimesimama, nilibaki nafunga upya mbeleko ya mtoto. Nilifikiri juu ya nyumba zote nilizopita mwezi ule, na nikatamani nirudishe hata nusu yazo.

Binti yangu ndiye aliyesema. "Shikamoo, Mwalimu. Naweza kukaa chini."

"Chini wapi? Sakafu ni ya saruji, na mvua zinakuja."

"Nitakuja na mkeka."

Mwalimu alimtazama, akanitazama na mimi, akashusha pumzi. Akasema akae mbele, karibu na ubao, na kwamba hataki kumsikia akilalamika. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, nikauchukua mkeka wa chumba cha nyuma, ule ule aliokuwa akikalia kuandika majina. Ulikuwa na doa la wino pembeni. Aliukalia mwaka mzima, na mwisho wa mwaka akawa wa tatu katika darasa lenye madawati.

Kazi ya chama sikuiacha, ila ilipungua kasi, na mtoto akarudi mgongoni kulia kwenye maneno mazito. Siku ya mkutano mkubwa ilipokaribia nilirudi kwa yule mjane wa chapati. Alidhani nimekuja kumbembeleza tena, akaanza kutikisa kichwa.

"Sikuja kwa maneno," nikamwambia. "Nenda wewe. Mie nitakaa na watoto."

"Na wewe mwenye mkutano?"

"Mie nimeshatoka mara nyingi."

Ilinigharimu kusema hivyo, sitaki kujifanya mtakatifu. Nilikuwa nimeungojea mkutano ule kwa muda mrefu, na nilitakiwa nikae mbele. Siku hiyo nilikaa uani kwa mjane na watoto wanne, watatu wake na wangu mmoja, nikisikia vigelegele vya wanawake wanaopita barabarani na sare zao. Mmoja wa watoto wake alinitapikia. Nilimwosha, nikawapikia uji, nikalia kidogo na kucheka kidogo, kwa kuwa wote wanne walikuwa wananishangaa.

Alasiri mjane alirudi, tukafuatana hadi kwangu, yeye vumbi miguuni, sauti imemkauka kwa kuimba. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka shule. Alileta daftari na wino, akaketi kwenye kigoda katikati ya ua, mahali panapoonekana na kila mtu, na mjane akataja jina lake. Akaomba aonyeshwe. Aliinama juu ya karatasi na kuweka kidole chini ya herufi.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiye wewe, mama," binti akamjibu.

Alipoondoka tulibaki wawili, yeye anafuta nibu kwa kitambaa, mimi nimempakata mtoto. Nikamwuliza swali nililokaa nalo tangu siku ya sanduku.

"Siku zote zile ulipokuwa ndani, mwanangu, mbona hukuniambia kwamba unataka kutoka?"

Hakuinua macho. "Nilikuwa nakusikia hapa uani, unawaambia watoke. Nilijua unapita nyumba kwa nyumba. Nikawa nangoja ufike kwetu."

Machozi yalinitoka mbele yake, na sikuyaficha. Alisimama, akamnyooshea mdogo wake mikono ampokee kama alivyozoea. Nikamwambia amwache, aende akasome.